UZI: Ngome ya Bodiam, ile iliyokaa katikati ya maji. Ilijengwa kwa ajili ya vita au kwa ajili ya heshima?

MaweNaMaji (mleta uzi):

Wakuu habari za muda huu. Leo naleta jengo ambalo nimelifuatilia kwa muda mrefu na bado halijanichosha. Ni Ngome ya Bodiam, iko Sussex Mashariki, kusini mwa Uingereza, karibu kabisa na mpaka wa Kent, pembeni ya mto Rother. Wengi mmeshaiona picha yake kwenye kalenda bila kujua jina: ngome ya mawe yenye minara minne ya duara kwenye kona, katikati ya kila ukuta kuna mnara mwingine wa pembe nne, na pande zote imezungukwa na handaki pana lililojaa maji.

Nimeileta hapa kwa sababu wataalamu wa majengo ya kale wamebishana juu yake kwa miongo kadhaa. Upande mmoja wanasema hii ni ngome ya vita haswa, upande wa pili wanasema ni nyumba ya tajiri iliyovalishwa nguo za ngome. Mimi nina msimamo wangu ila ntausema mbele huko, kwanza tuelewane jengo lenyewe na huyo aliyelijenga.

Mjenzi anaitwa Sir Edward Dallingridge. Huyu jamaa ujana wake alipigana Ufaransa wakati wa ile Vita ya Miaka Mia, na hakuwa kwenye jeshi rasmi muda wote, alizunguka na vikosi vya kukodiwa vilivyokuwa vinaishi kwa kupora na kuteka watu ili walipiwe fidia. Kamanda wake mmoja ni Sir Robert Knolles, mtu aliyetisha sana Ufaransa enzi hizo. Pesa ya vita ndo ilimfungulia njia, halafu akamuoa Elizabeth Wardeux ambaye familia yake ndo ilikuwa na ardhi ya Bodiam, kwahiyo ardhi ikaja kwa ndoa na mtaji ukaja kwa upanga.

Oktoba 1385 mfalme Richard II, wakati huo kijana wa miaka 18, akampa kibali cha kujenga. Kibali kipo mpaka leo na kinasema aimarishe kwa ukuta wa mawe na chokaa nyumba yake ya Bodiam iliyo karibu na bahari, kwa ajili ya ulinzi wa maeneo ya jirani na kuwazuia maadui. Sasa angalia alichofanya: kibali ni cha kuimarisha nyumba iliyokuwepo, yeye akaiacha ile nyumba ya zamani na kwenda kujenga ngome mpya kabisa sehemu nyingine, chini ya mlima, kwenye mteremko wenye chemchem. Mteremko ule ndo ulimpa maji.

Handaki lenyewe linajazwa na chemchem, na baadhi zinabubujika ndani ya handaki humo humo. Upande wa juu wa mlima walichimba, upande wa bondeni wakapandisha tuta la udongo kuzuia maji yasikimbilie mtoni. Hilo tuta mlishike kichwani, litarudi kwenye ubishi.

Kibelenge:

Mkuu uzi mzuri, endelea. Ila hapo kwenye "karibu na bahari" mbona ukiangalia ramani bahari iko mbali?

MaweNaMaji:

Swali zuri mkuu. Kwa leo kweli ni mbali, ni zaidi ya kilomita 15 kwa makadirio yangu ya ramani. Ila enzi hizo Rother ulikuwa unapitisha vyombo mpaka maeneo hayo, na pwani ya Sussex ilikuwa na hofu ya kweli. 1377 Wafaransa waliuchoma mji wa Rye, 1380 wakaja Winchelsea, na 1386, mwaka mmoja tu baada ya kibali, Ufaransa ilikusanya meli nyingi sana bandari ya Sluys kwa nia ya kuivamia Uingereza. Uvamizi wenyewe ukaahirishwa, lakini mtu aliyekuwa anaishi bonde lile hakujua kama utaahirishwa. Kwahiyo mtu akisema Dallingridge alisingizia adui namkatalia, adui alikuwepo na moshi wa miji iliyochomwa ulionekana.

Tuingie ndani sasa maana hapa ndo patamu.

Leo ukifika unavuka daraja la mbao lililonyooka kutoka ukingo wa kaskazini moja kwa moja mpaka getini. Zamani haikuwa hivyo. Njia ilianzia ukingo wa magharibi, unapita juu ya daraja refu la mbao mpaka kwenye kisiwa kidogo cha mawe chenye pembe nane, pale unakata kona ya kulia, unavuka tena, unafika kwenye geti la mbele, jengo dogo ambalo leo limebaki kipande cha ukuta tu, ndo unavuka mara ya mwisho kwenda geti kuu. Kwenye vivuko hivyo kulikuwa na sehemu za kunyanyuka, zikinyanyuliwa unabaki unatazama maji.

Sasa fikiria wewe ni mshambuliaji, unatembea juu ya lile daraja la kutoka magharibi, ngome nzima iko mkono wako wa kulia. Ngao unashika kushoto. Ina maana ubavu wako usiokuwa na ngao ndo unautembeza mbele ya wapiga mishale wa ukutani hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye kisiwa, huna pa kujificha wala pa kukimbilia zaidi ya kuruka majini.

Geti kuu lina minara miwili mikubwa ya pembe nne, na chini ya minara kuna matundu yenye umbo la tundu la funguo, duara chini na mstari juu. Hayo ni ya bunduki na mizinga midogo, mwaka 1385! Baruti ilikuwa bado ngeni Uingereza. Ukipita mlangoni tazama juu, dari limechongwa likiwa na matundu ambayo aliye juu angeweza kukudondoshea chochote. Kulikuwa na mageti matatu ya kushuka kutoka juu, yale mazito ya mbao yaliyofungwa kwa chuma, na moja la asili bado linaning'inia pale.

Juu ya mlango wamechonga ngao za ukoo: Dallingridge katikati, Wardeux wa mkewe, na Radynden. Kwenye geti dogo la nyuma upande wa kusini kuna ngao ya Knolles, yule kamanda wake wa Ufaransa. Mi hii hunigusa sana, mtu kapata mali yake vitani chini ya bosi fulani, anajenga nyumba ya maisha yake, na anamwekea bosi alama juu ya mlango wa nyuma kwa jiwe.

fundi_sanifu:

Mi ni fundi ujenzi, nataka kujua ndani kukoje. Hizo kuta unene kiasi gani, na watu walilala wapi, maana hiyo minara peke yake haitoshi.

MaweNaMaji:

Mkuu, unene ni kama mita 2 kwa kuta za nje, mawe ni ya mchanga, na minara inafika kama mita 18 kwenda juu. Hapa katikati hakuna ule mnara mkuu mmoja uliozoeleka kwenye ngome za zamani zaidi za Wanormani. Mpango wake ni mraba: vyumba vyote vimeegemea kuta za nje kwa ndani, katikati ni ua wazi. Nyumba na ngome ni kitu kimoja.

Ukitoka geti kuu ukavuka ua, mbele yako upande wa kusini kuna ukumbi mkubwa wa kulia chakula, na hapo kuna ukuta wenye milango mitatu ya matao iliyopangana: mmoja wa chumba cha vinywaji, mmoja wa chumba cha mikate na vyombo, wa katikati ni korido ya kwenda jikoni. Jiko lina meko mawili makubwa yanayotazamana. Pembeni ya jiko, chini ya mnara wa kusini magharibi, kuna kisima cha maji ya kunywa, na juu kabisa ya mnara huo huo kuna vishimo karibu 300 ukutani, lilikuwa banda la njiwa. Kwahiyo mnara mmoja ulibeba kisima chini na nyama juu, na jiko liko jirani. Aliyepanga hiyo alikuwa anajua kazi yake.

Upande wa mashariki ndo alikaa bwana mwenyewe na mkewe, vyumba vikubwa, na kanisa dogo la familia lenye dirisha kubwa linalotazama handaki. Upande wa magharibi kulikuwa na wafanyakazi na jiko lao tofauti. Meko ya kuotea moto zaidi ya 30 jengo zima, na vyoo 28! Mwaka 1385 nyumba moja ina vyoo 28, kila chumba cha maana kina chake, na vyote vinamwaga kwenye handaki.

Kwa leo ndani ni gofu. Nje kuta zimesimama nzima kabisa, ukiingia unakuta majani na anga. Sakafu za ghorofa hazipo, ila meko bado yamo ukutani juu kwa juu, unaona la chini, la kati, la juu, na milango inayofunguka hewani. Fundi kama wewe utafurahi zaidi kuliko sisi, maana jengo limebaki limejifungua, unasoma kila boriti ilipoingia.

DadaWaTandale:

Samahani kaka, vyoo 28 vinamwaga kwenye maji yaliyosimama? Hiyo harufu walivumiliaje? Halafu ndo mnaniambia ni nyumba ya heshima 😳

MaweNaMaji:

Dada hapana, hayakuwa yamesimama kabisa, chemchem zinaingiza na kuna pa kutokea, ila ni kweli maji yale hayakuwa ya kunywa ndo maana kisima kipo ndani. Harufu wakati wa kiangazi lazima ilikuwepo. Kwa viwango vya wakati ule lakini kuwa na choo chako pembeni ya chumba chako cha kulala ilikuwa ni ukubwa.

Kibelenge:

Sasa mi ntawakera. Nimesoma kidogo baada ya kuona uzi huu na naona hiyo ngome ni maonyesho tu. Handaki kina chake kwa wastani ni mita 1.5, mtu mrefu anavuka kwa miguu. Na hilo tuta ulilolisema, si adui anachimba usiku mmoja maji yote yanaondoka? Madirisha makubwa mpaka kwenye kuta za nje. Jamaa alitaka sifa.

MaweNaMaji:

Mkuu hujanikera, umesema kile alichosema mtafiti wa ngome Charles Coulson na wenzake kuanzia miaka ya 80 na 90, na hoja zao ni nzito, mi sizidharau hata moja. Tuta la bondeni kweli ndo udhaifu mkubwa, halijalindwa na chochote. Yale meno ya juu ya ukuta ni madogo, askari mzima hajifichi vizuri nyuma yake. Matundu ya bunduki yako getini zaidi, pande zingine pamesahaulika. Na Coulson alionyesha kuwa vibali kama kile cha 1385 vilikuwa vinaombwa kama heshima, mtu anaonekana mbele ya mfalme na majirani kwamba sasa ni bwana mwenye ngome. Ongeza na upimaji wa 1988 wa ardhi inayozunguka, walikuta matuta na madimbwi kwenye mandhari nzima na sehemu kule juu mlimani ambapo mtu anasimama anaiona ngome yote chini na kivuli chake kwenye maji. Wataalamu wa baadae wamesema siyo kila kitu pale ni cha enzi za Dallingridge, lakini kwamba handaki liliipa ngome sura kubwa kuliko ukubwa wake, hilo halina ubishi. Ngome yenyewe siyo kubwa hivo, maji ndo yanaikuza.

Ila msimamo wangu ndo huu. Watu wanaipima Bodiam kwa jeshi la mfalme lenye mitambo na miezi sita ya kuzingira, halafu wanasema imefeli. Adui wa Dallingridge walikuwa akina nani? Wa kwanza ni waporaji wa Kifaransa wanaoshuka kwenye meli, wanachoma, wanabeba, wanaondoka kabla msaada haujafika. Hao hawana muda wa kuchimba tuta. Wa pili ni wananchi wenye hasira, 1381 wakulima wa Kent na Essex waliingia London na kumuua askofu mkuu, na Bodiam iko mlangoni mwa Kent, ni miaka minne tu kabla ya kibali.

Wa tatu ndo wengi hawamtaji, John of Gaunt, baba mdogo wa mfalme, tajiri kuliko wote Uingereza. Gaunt alipopata mashamba na misitu Sussex, Dallingridge aliona anaingiliwa kwenye himaya yake, akawashambulia maofisa wa Gaunt na kuwinda kwenye misitu yake, kesi ikaenda mpaka 1384 akafungwa jela, na aliyemsaidia kutoka ni bwana wake Earl wa Arundel. Mwaka uliofuata ndo anaomba kibali cha ngome! Mtu katoka jela juzi, kadhalilishwa na mtu mkubwa kuliko yeye mbele ya wilaya nzima, anajenga nyumba yenye minara minane juu ya maji. Hapo sifa na ulinzi utazitenganishaje? Kwa mtu kama yule kuonekana dhaifu ndo kulikuwa hatari yenyewe. Handaki likimfanya jirani asithubutu hata kujaribu, limeshafanya kazi ya kijeshi bila mshale kurushwa.

Na hiyo mita 1.5 mkuu, vaa chuma mwilini, chini kuna tope zito, juu yako kuna watu wanakurushia mawe, halafu uniambie unavuka. Pia maji yanazuia kitu kimoja kikubwa, kuchimba chini ya ukuta mpaka uanguke, ambayo ndo ilikuwa njia ya kuangusha ngome nyingi.

Mzee wa Pwani:

Vijana mnajitahidi. Mimi naishi Mombasa, Fort Jesus naipita kila siku. Handaki lake ni kavu, na kuta ni fupi pana, hazifanani kabisa na hizo za minara mirefu. Kwa nini?

MaweNaMaji:

Shikamoo mzee wangu. Ni mizinga mzee. Bodiam ni 1385, mizinga bado midogo, ukuta mrefu mwembamba kiasi bado unafaa. Fort Jesus Wareno walianza 1593, miaka 200 baadae, mizinga imeshakuwa ya kubomoa ukuta wowote mrefu, kwahiyo Cairati aliyeichora akashusha kuta, akazinenepesha, akaweka zile pembe zinazochomoza ili mzinga wa huku ulinde ukuta wa kule. Pale nyuma wakachimba handaki kwenye mwamba wa matumbawe. Kazi ni ile ile ya kumweka adui mbali na ukuta, ila silaha ilibadilika.

fundi_sanifu:

Je iliwahi kushambuliwa kweli? Na nani aliibomoa ndani?

MaweNaMaji:

Vita kubwa haijawahi kupiganwa pale. Dallingridge alifariki 1393, mwaka mmoja kabla yake mfalme alikuwa amemweka asimamie jiji la London wakati wa ugomvi wake na wenyeji wa jiji. Baadae ngome ikaenda kwa ukoo wa Lewknor. 1483 Sir Thomas Lewknor akawa upande wa waliompinga Richard III, ikatoka amri ngome izingirwe, lakini hakuna alama wala maandishi ya mapigano, inaelekea walisalimu amri mapema.

Kilichoimaliza ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Mwenye nayo, Earl wa Thanet, alikuwa upande wa mfalme, Bunge likampiga faini, 1644 akaiuza kwa Nathaniel Powell ambaye alikuwa upande wa Bunge. Baada ya hapo madaraja, geti la mbele na majengo ya ndani yakavunjwa. Kuta za nje waliziacha, na ndo bahati yetu.

Ikakaa gofu limefunikwa na mimea mpaka 1829, mwenye nayo wa wakati huo alitaka kuiuza kama mawe tu ya kujengea. John Fuller akainunua kwa pauni 3,000 pamoja na shamba lake, akaokoa. Huyu Fuller lazima niseme ukweli wote: alikuwa na mashamba Jamaika yaliyolimwa na watumwa na Bungeni alitetea utumwa waziwazi. Kwahiyo pesa iliyoiokoa Bodiam ina jasho la Waafrika ndani yake, na ningependa anayesimulia habari za ngome hii kwa wageni asiishie kumsifia tu.

Akafuata George Cubitt akatengeneza mnara wa kusini magharibi uliokuwa umeporomoka, kisha Lord Curzon, aliyewahi kuwa mtawala wa India. Huyu alikuwa anaitaka kwa miaka mingi, akaipata kipindi cha vita ya kwanza ya dunia na kuanzia 1919 akafanya kazi kubwa. Alikausha handaki lote! Wakatoa tope na mimea, wakapima kina, kona ya kusini mashariki inafika kama mita 2, na chini ya maji wakakuta misingi ya madaraja ya zamani. Ile habari ya njia kukata kona hatuisemi kwa kubuni, misingi ipo. Curzon alipofariki 1925 aliiacha kwa National Trust, shirika la kutunza majengo ya kale, na mpaka leo ndo wanaitunza.

DadaWaTandale:

Nina mdogo wangu yuko Kent, nimemtumia uzi huu. Akienda aanzie wapi?

MaweNaMaji:

Kama yuko upande wa Tenterden kuna reli ya zamani ya treni za mvuke inayofika mpaka kituo cha Bodiam, kutoka hapo anatembea. Akifika asikimbilie getini kama wengi wanavyofanya. Kwanza azunguke handaki lote kwa miguu, aanzie magharibi pale daraja la zamani lilipoanzia, asimame aangalie kisiwa cha pembe nane na ahesabu ni kuta ngapi zinamtazama. Halafu ateremke mpaka kwenye lile tuta la kusini alipime mwenyewe kwa macho, aamue kama mimi niko sahihi au Kibelenge.

Akiwa huko huko atafute kibanda kidogo cha zege chenye matundu ya bunduki, kilijengwa 1940 wakati Waingereza wanasubiri Wajerumani wavuke bahari, kililinda kivuko cha Rother. Miaka 555 baada ya kibali cha Richard II bonde lile lile likawekewa tena ulinzi dhidi ya adui yule yule wa kutokea baharini, na hiyo kwangu ni hoja kubwa kuliko zote kwa wanaosema Dallingridge alichagua sehemu isiyo na maana kijeshi.

Kibelenge:

Hapo kwenye kibanda cha 1940 umenifikirisha mkuu. Tuta bado sijakubali, ila Gaunt nakupa. Weka na ile ngome ya Tattershall aliyoinunua Curzon, nayo si ina handaki?

MaweNaMaji:

Ndiyo, mahandaki mawili kabisa, na ngome yenyewe ni ya matofali, iko Lincolnshire. Aliijenga Ralph Cromwell, mweka hazina wa mfalme, karne ya 15. Ile inataka uzi wake, nitaifungulia.